Usiku wa Amsterdam umehamia ng'ambo

Tangu Januari 1, 2026, chumba cha hoteli nchini Uholanzi kinatozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 21 badala ya 9 iliyozoeleka. Jijini Amsterdam, juu ya hiyo ipo tozo ya malazi ya asilimia 12.5 iliyoanza mwaka 2024. Ongeza marufuku ya kuvuta bangi barabarani katika mji wa kale, ongeza baa zinazofungwa mapema kuliko zamani, ongeza matangazo yaliyowataka vijana wa Kiingereza wabaki kwao, na unapata hitimisho linalozunguka siku hizi miongoni mwa wasafiri: Uholanzi imechoshwa na wageni na inaufunga usiku wake. Hitimisho hilo ni jepesi, na limekosea. Kinachobanwa ni usiku wa aina moja, ule wa vichochoro vya De Wallen, eneo la taa nyekundu katika mji wa kale. Usiku wa aina nyingine umekuwa ukipewa leseni ndefu kuliko zote zilizowahi kutolewa jijini humo, nje kidogo ya katikati ya mji. Kuuhamisha usiku ni wazo la maana. Tatizo ni kwamba zana mbili zilizochaguliwa kulitekeleza, yaani kodi na saa ya kufunga, zinampiga asiyelengwa, na adui halisi wa burudani ya usiku katika miji ya Uholanzi hatajwi kabisa katika ugomvi huu. Adui huyo ni uhaba wa majengo.

Anayebisha kwamba kuna tatizo De Wallen hajawahi kupita huko Jumamosi usiku. Eneo lenyewe ni dogo: mifereji miwili, Oudezijds Voorburgwal na Oudezijds Achterburgwal, Kanisa la Kale katikati, na vichochoro vinavyounganisha. Kimoja, Trompettersteeg, kina upana wa takribani mita moja. Watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Humo ndimo yalimo madirisha ya wanawake wanaouza ngono, biashara iliyokuwa ikivumiliwa muda mrefu na ambayo madanguro yake yalihalalishwa rasmi Oktoba 2000. Humo humo wanaishi wakazi wa kawaida, wenye watoto wa shule na zamu za asubuhi. Jiji lilianza kuchukua hatua muda mrefu kabla ya kelele za sasa. Baiskeli za bia, zile meza za baa zinazokanyagwa na wanywaji kumi na kitu kwa pamoja, ziliondolewa katikati ya mji Novemba 2017. Ziara za kuongozwa mbele ya madirisha zilipigwa marufuku Aprili 2020. Mwaka 2023, chini ya Meya Femke Halsema, ndipo ulipokuja mkururo: kampeni ya Machi iliyowalenga wanaume Waingereza wa miaka 18 hadi 35, ambapo kijana aliyetafuta mtandaoni sherehe ya kuaga ukapera mjini Amsterdam alikutana na tangazo la pingu, faini na hospitali, madirisha kufungwa saa tisa usiku badala ya saa kumi na mbili asubuhi, baa za eneo hilo kufunga saa nane usiku wikendi, na mgeni mpya kutoruhusiwa kuingia baada ya saa saba, kisha mwezi Mei, faini ya yuro 100 kwa anayevuta bangi hadharani. Maduka ya eneo hilo nayo hayaruhusiwi kuuza pombe kuanzia saa kumi jioni, Alhamisi hadi Jumapili.

Tuanze na kodi, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Chukua chumba cha yuro 100 kabla ya kodi. Mwaka 2025 mgeni alilipa yuro 9 za VAT na 12.50 za tozo ya jiji, jumla yuro 121.50. Sasa analipa 21 na 12.50, jumla 133.50. Nyongeza ya yuro 12 kwa usiku inauma, lakini VAT ni ya serikali kuu na inatozwa nchi nzima, kuanzia hoteli ya Maastricht hadi ya Groningen. Haikutungwa kumfukuza mlevi wa Amsterdam. Ilitungwa kujaza hazina. Mpango huo huo ulikusudia kuipandisha pia kodi ya utamaduni na michezo, wakapiga kelele wenye kumbi, serikali ikarudi nyuma. Tiketi ya tamasha imebaki kwenye asilimia 9 na kitanda kimepanda hadi 21. Kwa anayepanga safari, maana yake ni kwamba kumsikiliza mwanamuziki hakujapanda kwa sababu ya kodi; kulala baada ya kumsikiliza ndiko kulikopanda.

Tozo ya jiji ndiyo yenye kichekesho. Kabla ya 2024 Amsterdam ilitoza asilimia 7 ya bei na kuongeza yuro 3 kwa kila kichwa kwa kila usiku. Mwaka 2024 zile yuro 3 ziliondolewa na asilimia ikapandishwa hadi 12.5, na magazeti ya dunia yakaandika kwamba jiji limewabana watalii kuliko jiji lingine lolote Ulaya. Sasa piga hesabu ya kitanda cha bweni cha yuro 30, mahali pale pale wanapolala vijana kumi wa sherehe ya ukapera. Kwa utaratibu wa zamani kililipiwa yuro 2.10 na 3, yaani 5.10. Kwa utaratibu mpya kinalipiwa 3.75. Kimepungua. Mstari wa mgawanyo uko karibu na yuro 54.50 kwa mtu: aliye chini ya hapo alipata nafuu, aliye juu ya hapo aliongezewa. Mke na mume waliokuja kusikiliza okestra katika ukumbi wa Concertgebouw, wakalala chumba cha yuro 200, walitoka kwenye yuro 20 wakaenda kwenye 25. Kama kweli lengo lilikuwa kumzuia mgeni wa bei ya chini anayekuja kulewa, jiji liliitupa ile sehemu ya tozo iliyokuwa ikimgusa yeye zaidi. Na anayelala mji wa jirani, akaingia kwa treni jioni na kutoka alfajiri, halipi Amsterdam hata senti. Lipo jibu la haki la upande wa pili: asilimia hukua pamoja na bei, kwa hiyo huliingizia jiji fedha nyingi zaidi za kuzoa taka na kulipa askari wa mitaa. Sawa. Basi iitwe chanzo cha mapato, isiitwe dawa ya fujo.

Saa ya kufunga ni hadithi ndefu zaidi, na hapa ndipo Amsterdam inapojipinga yenyewe. Fikiria mtaa wenye baa 30, kila moja ina watu 80. Zikifungwa zote saa nane kamili, watu 2,400 wanamwagwa barabarani ndani ya robo saa, wamelewa, na hakuna aliye tayari kulala. Foleni ya chipsi inajaa, teksi hazitoshi, na vyoo vimefungwa pamoja na baa, kwa hiyo wanaume wanaelekea ukingo wa mfereji. Kukojoa mtaani ni kosa lenye faini, na zaidi ya faini kuna hatari: mtu aliyelewa akisimama kwenye ukingo usio na uzio huweza kutumbukia, na kuta za mifereji ni wima, hazina pa kushika. Kelele, ngumi, matapishi, vyote huelekea kujazana katika dakika hizo za baada ya kufunga. Kuirudisha saa ya kufunga kutoka saa tisa au kumi hadi saa nane hakuipunguzi mimiminiko hiyo. Kunaihamisha tu, na pengine kunaikuza, maana mapema zaidi ndivyo wengi zaidi wanavyokuwa bado wamo ndani. Katika mkururo ule wa 2023, hatua yenye akili ni ile isiyosemwa sana, ya mlango kufungwa kwa wageni wapya saa saba. Hiyo huvunja tabia ya kundi kuhama baa hadi baa, na huwapa watu saa nzima ya kutoka mmoja mmoja. Ingetosha hiyo peke yake, mwisho wa unywaji ukaachwa kuwa mrefu.

Na jiji linayajua haya, kwa sababu ndilo lililoifundisha dunia. Cheo cha "meya wa usiku" kilianza kama utani wa kishairi Rotterdam, alipoitwa hivyo mshairi Jules Deelder. Amsterdam ikakifanya kuwa kazi halisi, mtu anayesimama kati ya wenye klabu, wakazi na ofisi ya meya wa mchana. Mirik Milan, aliyeishika nafasi hiyo hadi 2018, alipigania jambo moja zaidi ya mengine: klabu ziruhusiwe kuamua zenyewe saa ya kufunga, ili watu watoke kwa matone badala ya mafuriko. Kuanzia 2013 leseni za saa 24 zikaanza kutolewa kwa kumbi chache zilizo nje ya pete ya mifereji, kwa sharti kwamba ziwe na jambo la kisanaa na ziweze kutumika hata mchana. Trouw, iliyokuwa kwenye kiwanda cha zamani cha kuchapa magazeti barabara ya Wibautstraat, ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Baadaye zikaja nyingine, ikiwemo Shelter iliyofunguliwa 2016 chini ya mnara wa A'DAM, ng'ambo ya maji ya IJ. Katikati ya mji, Rembrandtplein, wakawekwa wenyeji waliovaa jaketi nyekundu usiku wa wikendi, kazi yao kumtuliza mlevi na kumwelekeza njia kabla polisi hawajahitajika. London na New York zikaiga. Jiji lililouza somo hilo kwa wenzake limekwenda De Wallen likaandika kinyume chake.

Wapo wanaotetea saa mpya za De Wallen kwa hoja nzito, na hao wasipuuzwe. Mkazi anasema hana haja na nadharia ya mafuriko na matone. Anataka kulala saa tisa badala ya saa kumi na mbili, na saa tatu za usingizi ni saa tatu. Hoja hiyo haina jibu rahisi. Upande mwingine, wanawake wa madirishani walioandamana Machi 2023 walikuwa na hoja ya vitendo vile vile: saa za alfajiri ndizo zilizokuwa na wateja watulivu, na kufungwa saa tisa kunawatoa kazini wakati mtaa umejaa walevi waliotolewa baa muda mfupi uliopita. Wanalipa pango la dirisha kwa zamu. Zamu ikikatwa, pango halikatwi kwa uwiano. Jiji linajibu kwa mpango wa kujenga kituo cha ngono cha vyumba takribani 100 Europaboulevard, kusini mwa mji, wazo lililopingwa na wanawake hao wenyewe na vilevile na majirani wa huko kusini. Ni nadra kuona mradi unaokataliwa kwa nguvu sawa na wanaohamishwa na wanaohamiwa.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya unafiki: kwamba Amsterdam ilijijengea jina kwa bangi na taa nyekundu, ikatajirika, na sasa inamkana aliyeitajirisha. Inasikika vizuri ila imesimama juu ya kutojua sheria. Bangi ya starehe Uholanzi haijahalalishwa kwa ujumla. Tangu marekebisho ya sheria ya dawa za kulevya ya 1976 inavumiliwa tu, kwa masharti: duka la bangi lisiuze zaidi ya gramu 5 kwa mtu kwa siku, lisiwe na akiba ya zaidi ya gramu 500, lisijitangaze, lisiuzie walio chini ya miaka 18, lisiuze pombe. Tena uvumilivu huo uliishia mlango wa mbele. Shehena iliyoingia mlango wa nyuma ilibaki kuwa uhalifu, na mnyororo huo ndio uliolisha magenge. Ndiyo sababu manispaa kumi, zikiwemo Groningen, Nijmegen, Tilburg na Breda, ziko kwenye jaribio la taifa ambalo tangu Aprili 2025 maduka yao yanauza bangi iliyolimwa kwa leseni. Amsterdam haimo. Maastricht, kwa mfano, imewafungia wasio wakazi wa nchi maduka hayo tangu 2012, na mji haukufa. Amsterdam ilipendekezewa marufuku kama hiyo na Halsema mwaka 2021, baraza la jiji halikuikubali, na mpaka leo mgeni mwenye miaka 18 na pasipoti ananunua. Jiji linalowakana wageni wake lingeanza na hilo.

Turudi kwenye majengo. Trouw ilifunga Januari 2015. De School, iliyomrithi katika shule ya ufundi ya zamani magharibi mwa mji, ilifunguliwa 2016 na kufungwa moja kwa moja Januari 2024. Zote mbili zilipendwa, zilikuwa na leseni ya saa 24, na hazikufungwa kwa sababu ya fujo. Muda wao kwenye jengo uliisha. Huu ndio mfumo: ukumbi hupewa jengo linalosubiri kubomolewa au kukarabatiwa, hulijaza watu miaka mitano, eneo hupata jina, thamani ya ardhi hupanda, nyumba zinajengwa, ukumbi unaondoka. Uholanzi ina njaa kubwa ya nyumba, na hakuna diwani atakayechaguliwa kwa kutetea spika za muziki dhidi ya vyumba vya kulala. Nyumba mpya zikishajengwa jirani na ukumbi uliobaki, malalamiko ya kelele huanza, na besi ndiyo inayouumiza ukumbi: masafa ya chini hupita kwenye ukuta wa matofali kana kwamba haupo, na kuyazuia kunahitaji ndani ya jengo kujengwa jengo jingine lisilogusana na la nje. Ni gharama ambayo mpangaji wa miaka mitano hawezi kuirudisha. Linganisha na kumbi zenye mizizi: Paradiso imo kwenye kanisa la zamani tangu 1968, Melkweg kwenye kiwanda cha maziwa tangu 1970. Hazikudumu kwa kupendwa kuliko De School. Zilidumu kwa sababu zilipata makao ya kudumu.

Miji mingine inaonyesha kwamba Amsterdam ingeweza kuchagua tofauti. Groningen, mji wa wanafunzi kaskazini, umejulikana kwa muda mrefu kama mji usio na saa rasmi ya kufunga baa; watu hutawanyika wenyewe kati ya usiku wa manane na alfajiri, na Poelestraat na Peperstraat hazijawahi kuwa mahali patakatifu, ila hazina ile saa moja ya vurugu. Eindhoven ina Stratumseind, mtaa mmoja uliopangana baa pande zote, ambako waliweka kamera, vipima sauti na taa zinazobadilika rangi na mwanga kujaribu kutuliza umati. Taa hizo zinavutia wageni wa mikutano kuliko zinavyotuliza walevi, lakini angalau walijaribu kuubadilisha mtaa na si saa. Utrecht iliunganisha kumbi zake katika jengo moja, TivoliVredenburg, mwaka 2014, kumbi tano zenye sauti zilizotengwa, katikati ya mji, na karibu na stesheni. Hilo ndilo jibu la swali la majengo, na lilihitaji fedha za umma.

Kwa mgeni, yote haya yanabadilisha namna ya kupanga. Anayetaka kuona De Wallen aende kati ya saa moja na saa nne usiku, asipige picha za madirisha, asivute mtaani, na asihesabu kuingia baa ya pili baada ya saa saba. Anayetaka kucheza muziki asikae huko kabisa. Klabu za nje ya katikati hufungua milango saa tano, hujaa saa nane, na tiketi hununuliwa mtandaoni siku kadhaa kabla. Anayefika bila tiketi saa saba mara nyingi hukuta zimekwisha. Soma tarehe kwa makini: tiketi iliyoandikwa Jumamosi 01:00 ni ya usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Na Mholanzi akikwambia "half elf" anamaanisha saa nne na nusu usiku, nusu kuelekea saa tano. Waliolitafsiri kwa Kiingereza vichwani mwao huchelewa saa nzima. Beba kitambulisho chenyewe, maana picha ya pasipoti kwenye simu haikubaliki mlangoni. Mwenye kibali cha makazi cha Uholanzi anaweza kubeba hicho na kuiacha pasipoti chumbani. Sehemu nyingi hazipokei noti, kadi tu. Bia ya kawaida ni sentilita 25, kwa hiyo usishtuke kwa udogo wake, na povu la vidole viwili ni makusudi.

Usafiri ndio unaoharibu usiku wa wengi. Tramu za Amsterdam hukoma muda mfupi baada ya usiku wa manane na mabasi ya usiku huchukua nafasi. Pantoni ya Buiksloterweg, nyuma ya stesheni kuu, ni bure na huvuka usiku kucha. Ile ya NDSM, iliyo mbali zaidi, haivuki usiku kucha, na kila wikendi kuna watu wanaolijua hilo wakiwa wamesimama gatini. Treni ya usiku huenda kila saa kati ya Utrecht, Amsterdam, Schiphol, Leiden, Den Haag, Delft na Rotterdam, na hilo linaifanya Rotterdam kuwa kitanda kizuri cha usiku wa Amsterdam na kinyume chake. Haarlem iko karibu zaidi kwa ramani lakini haimo kwenye mstari huo. Kadi ya benki hutosha kugusa kwenye kuingia na kutoka. Usahaulifu wa kugusa wakati wa kutoka hukatwa nauli ya adhabu. Baiskeli iachwe: kiwango cha pombe cha 0.5 kwa elfu katika damu kinamhusu mwendesha baiskeli sawasawa na dereva. Na msafiri wa KLM kutoka Nairobi au Dar es Salaam mwenye saa kumi za kusubiri ndege anaweza kabisa kuutumia usiku huo, treni ya kutoka Schiphol haichukui hata nusu saa, mradi pasipoti yake ina viza ya Schengen. Viza ya kupita uwanjani haimvushi kizuizi.

Swali la kufuatilia mwaka huu si kodi tena. Ni leseni za saa 24 zitakazohitaji majengo mapya, na nani atapewa lipi, kwa miaka mingapi. Mkataba wa miaka mitano utatoa De School nyingine.